Mtoto wako mtu mzima anakunywa pombe kwa siri: maswali ambayo wazazi tunauliza kila siku

Mimi ni mama, niko Dar. Kijana wangu wa kwanza alikunywa kwa kificho karibu miaka sita, na miaka yote hiyo alikuwa anakuja kwangu kila Jumapili, tunakula, tunaongea, anaondoka, na mimi sijui kitu. Au niseme nilijua nikajikausha. Sa hivi kuna wazazi wananijia wenyewe, mmoja anamleta mwenzake, na maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa yote. Mimi sio daktari. Ya kitabibu nimeweka yale niliyoelezwa na madaktari waliomtibu mwanangu, na kwa mgonjwa wako daktari wako ndo wa kumsikiliza.

## Kujua kama kweli anakunywa

Sijawahi kumkuta amelewa hata siku moja. Nitajuaje?

Wengi tunasubiri tumuone anayumba. Anayekunywa kila siku kwa siri hayumbi, mwili ulishazoea, anaweza kumaliza chupa na akakaa na wewe sebuleni mkaangalia taarifa ya habari mpaka mwisho.

Angalia asubuhi. Mwanangu alianza kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili, kama mtu anayesikia baridi, na hapo ni Dar mwezi wa pili, joto mpaka ukuta unatoa jasho. Jumapili moja kikombe kikampiga chenga, chai ikamwagika kwenye kitambaa cha meza, akacheka, akasema amelala vibaya mkono umekufa ganzi. Baada ya pale akaacha chai kabisa. "Mama siku hizi chai inanipa kiungulia." Nikamwandalia uji.

Mengine: bigjii na karafuu mdomoni muda wote. Chupa ya maji anayotembea nayo na hataki mtu aiguse. Kutoka kidogo "kununua vocha" kila baada ya lisaa, akirudi amechangamka. Kula kidogo sana. Pesa kuisha tarehe kumi wakati mshahara ni uleule. Simu kuzimwa Jumamosi jioni mpaka Jumatatu.

Ila dalili moja peke yake isikufanye uhukumu. Mikono kutetemeka kunaweza kuwa tezi ya shingoni, kukonda kunaweza kuwa sukari au TB. Ndo maana hata kama una uhakika na pombe, hospitali inabaki kuwa njia nzuri ya kuanzia.

Anasema ni bia mbili tu za kuchangamsha damu. Si kila mtu anakunywa?

Sio kila anayekunywa ni mgonjwa, hilo tukubaliane. Ila hizo "mbili" hesabu vizuri. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kileo chenyewe. Konyagi ina asilimia 35, kwa hiyo ile chupa ndogo ya mililita 200 inayoingia mfuko wa suruali ina mililita 70 za kileo, yani karibu bia tatu kwenye kitu cha kumaliza umesimama nyuma ya duka. Akinywa chupa mbili za hivyo kwa siku ni bia kama sita, kila siku, na hakuna aliyemuona na glasi.

Watu wanasema viroba si vilipigwa marufuku? Ndiyo, tarehe 1 Machi 2017, vile vya mfuko wa plastiki. Chupa ndogo zikabaki, na kwa mtu anayejificha chupa ndogo inafanya kazi ileile.

Shirika la Afya Duniani wana dodoso linaitwa AUDIT, maswali 10 tu, anayajibu mwenyewe kwa alama kuanzia 0 mpaka 40. Akifika 8 kuna tatizo la kufuatilia, akifika 20 kwenda juu daktari anaanza kufikiria utegemezi. Lipo la Kiswahili, lilijaribiwa pale hospitali ya KCMC Moshi. Unaweza kumwachia alijaze akiwa peke yake, watu wanakuwa wakweli zaidi na karatasi kuliko na mama.

Nimesikia akimwambia rafiki yake "nimezimua asubuhi". Kuna shida hapo?

Kubwa. Kuzimua, yani kunywa tena asubuhi ili kutuliza mning'inio wa jana, mara moja baada ya harusi ni jambo moja. Kuzimua kila asubuhi ili mikono itulie na aweze kwenda kazini ni jambo lingine kabisa, hapo mwili wake haufanyi kazi tena bila pombe. Huyu hanywi kwa starehe, anakunywa ili asiumwe. Na huyu ndo hatakiwi kuacha ghafla akiwa nyumbani, soma swali la kumfungia ndani huko chini kabla hujafanya chochote.

Nipekue chumba chake?

Mimi nilipekua. Nikakuta kwenye tenki la choo, ndani ya spika ya redio, na moja kwenye gunia la mkaa jikoni kwangu mwenyewe, imefungwa kwenye soksi. Ile soksi niliishika nikakaa chini kwenye ndoo. Nilimnunulia mimi zile soksi.

Kama unahitaji kuamini macho yako, mara moja inatosha. Ukiendelea unakuwa polisi na yeye anakuwa mwizi, anabadilisha tu sehemu za kufichia na wewe unabadilisha tu sehemu za kutafuta, miezi inapita hamjaongea neno. Na usimwage ulichokuta ukadhani umesaidia. Atanunua nyingine kwa pesa ya mkopo, na kama ni mtu wa kuzimua, kumkosesha ghafla kunaweza kumletea madhara.

## Kuongea naye

Nianzeje? Kila nikitaka kusema koo linakaba.

Chagua saa ambayo hajalewa na pia hajabanwa na arosto, maana mtu anayetetemeka hasikii kitu. Msikae sebuleni mkatazamana kama mahakamani. Sisi tuliongea ndani ya gari, mimi nikiwa nimeomba anipeleke Kariakoo, tukakaa kwenye foleni, wote tunaangalia mbele. Ilisaidia sana kutotazamana.

Sema ulichokiona, usimpe jina. Ukisema "wewe umekuwa mlevi" atapigana na hilo neno na mazungumzo yamekwisha. Mimi nilisema hivi: "Baba, nimekuta chupa kwenye mkaa. Sijamwambia mtu. Naona mikono yako asubuhi. Naogopa." Nikanyamaza. Kunyamaza ndo kazi ngumu kuliko yote, sisi wazazi tunapenda kujaza, tunaanza mambo ya ada tulizolipa na mtoto wa jirani aliyejenga. Acha. Aliendesha kama dakika kumi hajasema kitu alafu akauliza, "Tangu lini unajua?"

Uwe na kitu kimoja cha kumuomba, kidogo. Sio "acha pombe", hilo kubwa mno kwa siku ya kwanza. Kwa mfano twende wote hospitali wiki hii wapime ini.

Amekataa katakata, amenuna, sasa hapokei simu zangu.

Ni kawaida na haina maana umeharibu. Amebeba siri miaka, wewe umeigusa, lazima aruke. Tuma meseji fupi moja bila lawama, kwamba upo na ukihitajika saa yoyote utakuja. Alafu endelea na maisha ya kawaida, mwite kwenye chakula kama zamani. Wengi wanarudi wenyewe baada ya tukio fulani, wameanguka, wameandikiwa barua kazini, wametapika damu. Anayerudi anaenda kwa mtu ambaye hakumdhalilisha mara ya kwanza.

Tuite kikao cha familia, wajomba na mashangazi?

Isiwe hatua ya kwanza. Najua desturi yetu, jambo likishinda baba na mama linapelekwa kwa wakubwa, na mjomba ana sauti yake. Ila kikao cha watu kumi na mbili kumkalisha kijana wa miaka thelathini katikati, kila mtu anasema lake, nimeona mara nyingi kinaishia na kijana kuapa mbele ya wote kwamba ameacha, na usiku huohuo anakunywa zaidi ya siku zote kwa aibu. Chagua mtu mmoja anayemheshimu na anayejua kufunga mdomo. Kwetu alikuwa shangazi yake mdogo, sio mimi wala baba yake.

Baba yake anataka kumchapa.

Kumpiga mtu mzima kwa sababu ya pombe kunampa sababu nyingine ya kunywa. Na anayekunywa sana damu yake inaweza kuchelewa kuganda kwa sababu ya ini, kipigo cha kichwa ambacho kwa mwingine ni nundu kwake kinaweza kuvujisha damu ndani. Mzee akikuwakia mwambie hilo la kichwa. Mume wangu ndilo lililomtuliza, mengine yote aliyakataa.

Ni binti yangu, na ameolewa.

Hapa siri inakuwa nzito mara mbili, maana mwanaume akinywa anaitwa mlevi, mwanamke akinywa anaitwa majina mengine. Ndo maana mabinti wengi wanakunywa jikoni, chooni, usiku watoto wakilala, na wanafika hospitali wameshachelewa sana. Nenda kwake kama mama aliyekuja kumtembelea, kaa siku mbili tatu, usianze kwa kumwambia mkwe. Mkwe atajua, ila ajue kutoka kwa mkewe, mkiwa mmeshapanga matibabu. Isipokuwa kama watoto wako hatarini, soma swali la wajukuu. Na kama ana mimba au anatafuta mimba, uharaka unabadilika. Pombe inafika kwa mtoto tumboni na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, aende kliniki aseme ukweli. Akiwa mtu wa kuzimua asikate mwenyewe ghafla, degedege linamdhuru yeye na mtoto wote wawili.

Sisi ni watu wa dini, ikijulikana msikitini au kanisani tumekwisha.

Nakuelewa, mimi nilikuwa kwenye kamati ya akina mama kanisani na nilikuwa naogopa zaidi kamati kuliko ini la mwanangu, nalisema hili kwa uchungu. Sio lazima jumuiya nzima ijue. Ila tofautisha kumtunzia mtu heshima yake na kumfichia ugonjwa. Asiyehusika usimwambie. Daktari, nesi, na mtu mmoja wa kukushika mkono, hao waambie kila kitu.

## Kuacha, na hatari zake

Nimfungie ndani wiki moja aache kwa nguvu?

Hapana. Kama ungesoma swali moja tu katika haya yote, ningeomba liwe hili.

Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, ubongo wake umejipanga kuishi na pombe. Ukiikata ghafla ubongo unawaka. Masaa 6 mpaka 24 baada ya kunywa mara ya mwisho anaanza kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kutapika, hawezi kulala. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege, anaanguka kama mwenye kifafa hata kama hajawahi. Na kati ya siku ya pili na ya nne wengine wanachanganyikiwa kabisa, wanaona wadudu, wanaongea na watu ambao hawapo, joto linapanda. Hali hiyo inaua. Na akikata na kurudia mara nyingi bila matibabu, kila mara inaweza kuja na nguvu zaidi ya ile iliyopita.

Sio kila anayekunywa atapata haya. Walio hatarini zaidi ni wanaozimua kila asubuhi, waliowahi kupata degedege wakikosa pombe, na wenye magonjwa mengine. Hao waache wakiwa chini ya daktari, wanapewa dawa kama diazepam kwa siku chache kwa kipimo kinachopungua, na vitamini B1, ambayo kwa mnywaji mkubwa asiyekula inatakiwa iingie kabla ya dripu ya sukari ili kulinda ubongo. Usinunue diazepam duka la dawa ukampa mwenyewe, ikichanganyika na pombe inazima pumzi.

Na mpaka siku ya kumuona daktari ifike, kwa mtu wa hivi, usimlazimishe kukata. Najua ni ajabu mama kusema hivyo.

Nimwambie daktari kuhusu pombe hata kama mwenyewe hataki?

Mwambie. Hapa nitasimulia yangu.

Mwanangu aligongwa na bodaboda, mguu ukavunjika, akalazwa. Nesi akaniuliza pale mapokezi, mgonjwa anatumia kilevi? Nikasema hapana, mwanangu hanywi. Zile chupa nilikuwa nimeshaziona, ile soksi nilikuwa nimeshaishika. Lakini kulikuwa na watu kwenye benchi, na mmoja alikuwa jirani yetu.

Usiku wa tatu akaanza kuokota vitu kwenye shuka. Anaokota kwa vidole viwili, taratibu, anaweka pembeni, anaokota tena. Nikamuuliza baba unaokota nini, akasema siafu. Shuka lilikuwa jeupe. Ndugu mmoja aliyekuwepo akasema huyu amechezewa, mguu ni kisingizio, akatoka kwenda kumpigia simu mtu wake wa dawa. Kulipokaribia kucha akapata degedege na mguu ule kwenye plasta. Daktari wa zamu, kijana mdogo tu, akanivuta kwenye kona akaniuliza tena lile swali la pombe, polepole, na safari hii nikamjibu. Walibadilisha dawa palepale.

Alipona. Lakini siku tatu walikuwa wanamtibu mguu wakati ubongo unaungua, na aliyewanyima habari ni mimi.

Kwa hiyo: unaruhusiwa kumpa daktari habari. Daktari ndiye asiyeruhusiwa kukupa wewe siri za mtu mzima bila ridhaa yake, lakini masikio yake hayajafungwa. Kama unaona aibu mbele ya watu andika kwenye karatasi umpe nesi: anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, mara ya mwisho lini. Hiyo "mara ya mwisho lini" ni muhimu kuliko zote.

Kuna dawa ya kuachisha pombe inauzwa, unamchanganyia kwenye chai hajui. Inafanya kazi?

Swali hili naulizwa kuliko yote, karibu kila wiki mtu ananitumia tangazo. Usiweke kitu kwenye chakula cha mtu bila yeye kujua.

Dawa halali zipo. Disulfiram inazuia mwili kumalizia kuvunja pombe, kwa hiyo mtu akinywa sumu inajaa kwenye damu, uso unawaka, moyo unakimbia, anatapika, presha inaweza kushuka mpaka hatari. Anapewa anayeijua, aliyekubali, aliyekaa angalau masaa 12 bila pombe na moyo na ini vimeangaliwa, na anaonywa kwamba hata wiki mbili baada ya kuiacha bado inaweza kumgeuka akinywa. Sasa umuwekee kwenye chai asiyejua, atoke akanywe kama kawaida. Unaweza kumuua ukidhani unamtibu. Ipo pia naltrexone, ambayo inapunguza hamu, na yenyewe ni ya daktari.

Zile poda za kwenye matangazo hakuna anayekuambia ndani kuna nini. Na akigundua, hatakula tena kwako.

Wanasema amerogwa. Tumpeleke kwenye maombi, ruqya, au kwa mtaalamu?

Sitakukataza kumuombea, mimi naomba mpaka leo. Ninachokataa ni kambi au mahali popote ambapo mtu anakatishwa pombe ghafla, anafungwa kamba, anafungishwa siku saba bila chakula wala maji, alafu akianza kuona wadudu wanasema pepo linatoka. Umeshasoma juu hapo hiyo ni nini. Hospitali kwanza, akishatulia mwili, apelekwe kwenye maombi akiwa anatembea kwa miguu yake.

Kliniki za methadoni ni bure, nimpeleke?

Methadoni ni ya heroini na jamii yake. Haitibu pombe. Kama anatumia vyote viwili waambie ukweli, maana methadoni na pombe pamoja ni hatari.

Basi nianzie wapi?

Hospitali ya wilaya au ya mkoa, ulizia kitengo cha afya ya akili, na usiogope hilo jina. Kubwa zaidi kuna Muhimbili kwa Dar, Bugando kwa Mwanza, Mirembe kule Dodoma, na Zanzibar Kidongo Chekundu. Walio Kenya wana Mathari pale Nairobi, na NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure 1192.

Nyumba za upataji nafuu, yani sober house, zimesaidia watu wengi, nyingi zinaendeshwa na waliopona wenyewe na wanaelewa vitu ambavyo sisi hatuelewi. Ila sio kila nyumba ina daktari, kwa hiyo siku zile za mwanzo za hatari zipite hospitali kwanza. Kabla hujalipa nenda ukaone kwa macho. Uliza usiku analala nani wa afya, mtu akipata degedege mnafanya nini, naweza kuja kumuona lini. Wakikwambia ndugu haruhusiwi kuja kabisa au ukaona mtu amefungwa, ondoka.

## Pesa na nyumba

Anaomba hela kila siku, nauli, dawa, kodi. Niendelee kumpa?

Taslimu usimpe. Kodi mlipe mwenye nyumba moja kwa moja, umeme nunua wewe umtumie namba za tokeni, chakula mpelekee. Atakasirika, atasema unamfanya mtoto. Mwambie mara moja tu kwa nini na usirudie kila siku.

Kubwa ni madeni. Akija na kilio cha mkopo wa kausha damu, wanataka kuja kuchukua kitanda, moyo unakutuma ulipe lote. Sisi tulilipa mara tatu. Kila tulipolipa, siku mbili baadaye ana mkopo mwingine, maana tulikuwa tumemfungulia mlango wa kukopesheka. Mara ya nne tukasema tutalipa tukiwa tumetoka wote kwa daktari. Na usimdhamini kwenye VICOBA yako, utampoteza mtoto na wenzako pamoja.

Bosi wake ananipigia, niseme anaumwa malaria?

Mimi niliugua malaria kwa niaba yake zaidi ya mara kumi. Sa hivi ningesema: "Kweli leo hayuko vizuri, naomba umpigie mwenyewe." Huo sio uongo na sio kumchongea. Kila ukimfunika, pombe haimgharimu kitu.

Nimfukuze nyumbani?

Sina jibu moja hapa na anayekupa jibu la haraka usimwamini. Kama anapiga watu, anauza vitu vya ndani, analeta hatari kwa wadogo, una haki ya kusema haishi hapa, ni nyumba yako. Lakini kumtupa nje usiku wa hasira kumewapeleka wengine barabarani moja kwa moja. Kama lazima aondoke, iwe mchana, kwa tarehe mliyotaja kabla, na ajue mlango unafunguka akikubali matibabu.

Wajukuu wako kwake.

Hapo siri inaisha. Kama anawapeleka shule kwenye pikipiki asubuhi amezimua, au wanalala peke yao akiwa baa, wachukue wakae kwako hata kwa kisingizio cha likizo, kisha mwambie mwenzake. Mkishindwana, ofisi ya ustawi wa jamii wilayani ndo kazi yao. Na watoto usiwadanganye kwamba baba amechoka tu, wanajua harufu kabla yako. Waambie baba anaumwa na sio kosa lao.

## Mambo magumu zaidi

Amehamia kwenye gongo kwa sababu ni rahisi.

Gongo halina anayelipima. Likitiwa methanoli, ile spiriti ya viwandani yenye sumu, halina tofauti ya ladha anayoweza kuitambua. Kenya mwezi wa tano 2014 makumi ya watu walikufa ndani ya siku chache kwa pombe ya namna hiyo, na Kirinyaga Februari 2024 ikatokea tena. Akilalamika kuona ukungu, macho kama kuna moshi mweupe, tumbo kuuma sana na kuhema haraka siku moja baada ya kunywa, usisubiri apumzike. Ni kukimbia hospitali na kusema amekunywa nini, kuna dawa ya kuzuia ile sumu, na kila lisaa linahesabika kwa macho yake.

Anasema bora afe.

Mchukulie serious, amelewa au hajalewa. Muulize wazi, unafikiria kujiua? Kuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake usiku huo, toa dawa ya panya, dawa za kunyunyizia shambani na vidonge ndani ya nyumba, na asubuhi mfike hospitali. Hapo hamna kutunza siri.

Alikaa miezi minne safi, juzi amerudia. Tumerudi mwanzo?

Hamjarudi. Wa kwangu alirudia mara mbili. Ya kwanza nilimfokea akapotea wiki tatu. Ya pili alinipigia mwenyewe, saa nne usiku, "Mama nimekunywa," na mimi nikasema asante kwa kuniambia, uko wapi. Ile simu ndo maendeleo yenyewe, maana miaka sita hakuwahi kusema. Muone daktari tena, angalieni alikuwa wapi na nani na siku gani. Kwake ilikuwa tarehe za mshahara, tukapanga mshahara uingie akaunti ambayo shangazi yake ni mtia saini wa pili, kwa ombi lake mwenyewe. Angekuwa hajaomba isingefaa.

Mimi mwenyewe silali, presha imepanda.

Pima presha, kula dawa zako. Tafuta watu waliopitia. AA, vikundi vya kusaidiana kuacha pombe, ilianza Marekani mwaka 1935 kwa wanywaji wenyewe, na mwaka 1951 ikaanza Al-Anon kwa ajili ya ndugu zao, kwa sababu waliona anayeishi na mnywaji naye anaumia kivyake. Ukipata kikundi karibu nenda, usipopata hata wazazi watatu mnaoaminiana inatosha, sisi tunakutana kwenye veranda yangu na chai.

Na lile swali ambalo wote mnalifikisha mwishoni, mmeshasimama mlangoni, "nilikosea wapi?" Kuna familia zenye pombe kwenye ukoo, kuna stresi, kuna kazi ambazo kila mkutano ni baa, kuna msiba ambao hakuulilia. Ndugu zake watatu nimewalea kwa mkono uleule na hawanywi.

Ana mwaka hajagusa, sasa dada yake anaolewa na bia zitakuwepo. Asije?

Muulize yeye. Wa kwangu alisema anakuja, ila ana masharti yake, na tulimsikiliza. Akae meza ya karibu na mlango, sio na vijana wenzake. Awe na glasi yenye kitu mkononi tangu anaingia, maana mwenye mkono mtupu ndo anayewekewa bia. Awe na usafiri wake, akisema naondoka hakuna kumwambia "kaa kidogo jamani, keki bado". Na mtu mmoja ukumbini ajue kila kitu, awe anampitia kila baada ya muda.

Mshehereshaji tulimpigia wiki moja kabla tukamwomba meza kuu yote wagonge glasi kwa juisi ya nanasi, hatukumpa sababu na hakuuliza. Saa tatu na nusu nikamuona amesimama, akampungia dada yake mkono, akatoka. Asubuhi yake alikuja kwangu kula viporo vya pilau, akajimiminia chai mwenyewe, kikombe mkono mmoja.